Doriani ni tamu, doriani si tamu: hapo kuna aliyekosea?

Nimeolewa Unguja na hapo ndo matatizo yangu na doriani yalipoanzia. Kwetu bara nilikokulia hatukuwa na hilo tunda, na siku ya kwanza shemeji yangu alipolileta kutoka Darajani nilidhani mtungi wa gesi unavuja, nikaenda jikoni kukagua. Kurudi nakuta wenyewe wamelizunguka pale chini kwenye mkeka wanalamba vidole. Nikaonja, maana cha watu hukikatai kabla hujakionja, nikasema jamani hili mbona si tamu. Shemeji akanitazama kama nimemtukania mtu wake. "Doriani tamu shemeji, wewe ndo hujui kula." Si tamu. Tamu. Si tamu bwana. Miaka inaenda na kila msimu tunayarudia yale yale, mpaka watoto wameshayakariri.

Sasa kaa ulifikirie hili bishano kidogo, maana lina kitu cha ajabu ndani yake. Yeye anasema doriani ni tamu, mi nasema si tamu, kwa hiyo tunapingana, hilo halina ubishi. Watu wawili wakipingana hivyo, kwa kawaida mmoja kakosea: wewe ukisema Pemba iko kusini mwa Unguja na mi nikasema iko kaskazini, tunafungua ramani na wewe unanyamaza. Ila kwenye doriani nani kakosea? Shemeji hajakosea, kweli analisikia tamu, unamuona usoni. Na mi sijakosea. Tunapingana na wote tuko sawa. Mwanafalsafa Max Kölbel aliandika makala mwaka 2004 kuhusu kitu hiki hiki, kwa Kiswahili tukiite mabishano yasiyo na mkosaji, na toka hapo wanafalsafa na wanaisimu wamegawanyika kambi kambi wakijaribu kueleza yanawezekanaje. Ukisikia watu wanatajiana kontekstualizimu na relativizimu kwenye maneno ya ladha, ugomvi wenyewe ndo huu, siyo kitu kikubwa cha kutisha, ni doriani tu.

Kabla sijaendelea, kuna mtego kwenye neno lenyewe. "Tamu" ya Kiswahili inabeba mizigo miwili, kuna tamu ya sukari na tamu ya kunoga. Supu ya ndimu na pilipili haina sukari hata chembe na bado tunasema tamu, na chai iliyojazwa sukari ni tamu mpaka siyo tamu. Ya sukari unaweza kuipima, weka vijiko vingapi, hesabu. Ninayoongelea hapa ni ile ya kunoga, na wenzake wote wa aina hiyo, kama inaboa, inachekesha, inatisha, raha, karaha.

Haya, kambi ya kwanza ni watu wa muktadha, ndo hiyo kontekstualizimu. Wao wanasema acheni kushangaa, neno "tamu" lina mtu kajificha ndani yake. Chukua neno "mimi". Nikisema "mimi mwalimu" na wewe ukasema "mimi siyo mwalimu" hakuna aliyempinga mwenzake, kwa sababu mimi yangu ni mimi na mimi yako ni wewe, maana ya neno ni moja ila linaokota mtu tofauti kutegemea nani anaongea. Mmarekani David Kaplan aliyapanga vizuri sana mambo ya maneno ya aina hii kwenye andiko lake la miaka ya 1970 lililokuja kuchapishwa 1989. Au chukua mvua. Wewe uko Tanga mi niko Lindi, tuko kwenye simu, wewe unasema mvua inanyesha mi nasema hainyeshi, hakuna ugomvi, kila mtu kaongelea kwake, mahali hapakutajwa ila pamo. Basi na utamu uko hivyo hivyo, wanasema. Shemeji anaposema doriani tamu anamaanisha tamu kwake, mi nikisema si tamu namaanisha kwangu, wote tumesema kweli, twende tukalale.

Ni jibu safi na kwa muda mrefu mi nililikubali, mpaka siku moja nimempeleka mwanangu sindano ndo nikaona tatizo, na tatizo limekaa kwenye sarufi yetu wenyewe. Angalia. Mtoto anasema "sindano inauma!" na unamjibu "wala haiumi bwana," unamdanganya kidogo, sawa, ila ni jibu la kawaida, kila mzazi kashalitoa. Sasa mtoto aseme "sindano inaniuma!" halafu wewe umjibu "haikuumi." Hapo umevuka mpaka, unamwambia yeye hajui mwili wake. Tofauti yote iko kwenye kale ka "ni" kadogo katikati ya kitenzi. Jaribu na vingine: filamu inaboa, wala haiboi, sawa. Filamu imeniboa, wala haijakuboa, we vipi? Kazi inachosha na kazi inanichosha, hadithi inatisha na hadithi inanitisha, chai imenoga na chai imeninogea. Kiswahili kinakupa nafasi ya wazi kabisa ya kumchomeka mhusika, ukitaka unamtia, usipotaka unamuacha nje, na ukimuacha nje watu wanaruhusiwa kukupinga, ukimtia hawaruhusiwi. Kama "inauma" ingekuwa ni "inaniuma" iliyofupishwa, basi kuipinga moja kungekuwa na uzito sawa na kuipinga nyingine, na kila mtu anayeongea hii lugha anasikia kwamba siyo sawa. Mi na shemeji tukiwa pale kwenye mkeka sijawahi kumwambia "halijakunogea." Ningeonekana mwehu.

(Bwana Kant, mwanafalsafa wa kule Ujerumani, aliligusa hili mwaka 1790 bila kuwa na msaada wa kiambishi chetu. Alisema mtu akisifia mvinyo wa visiwa vya Kanari kwamba unapendeza, mwenzake akimsahihisha aseme "unanipendeza mimi" hana neno, anakubali. Kwenye uzuri wa kitu, alisema, hapo hukubali tena hako ka "mimi", unadai kila mtu akuunge mkono. Sikubaliani naye kwamba watu hukubali kirahisi hivyo kwenye vyakula, inaonyesha hakuwahi kukaa na watu wa Unguja msimu wa doriani.)

Watu wa muktadha wana majibu, wasionekane wajinga. Jibu moja ni kwamba aliyejificha siyo mimi bali ni sisi: doriani tamu kwetu, sisi tuliokaa hapa, kwa hiyo mi nikikataa nampinga kweli kwa sababu na mi nimo kwenye hiyo sisi. Sawa, ila sasa shemeji anakuwa kakosea, maana kanihesabu mi ambaye limenishinda, na tulianza kwa kusema hakuna aliyekosea. Umeziba tundu moja umefungua lingine. Jibu jingine ambalo kwa kweli nalipenda zaidi ni la wanafalsafa David Plunkett na Tim Sundell, 2013, wanasema mara nyingi watu hawabishani kuhusu hali ya dunia, wanabishania neno lenyewe litumike vipi, yaani ni mapatano, ni kama kugombea rimoti. Tukibishana pilau lenye iliki nyingi ni tamu au vipi, tunachogombea ni pilau la Ijumaa lipikweje. Hapo kuna ukweli mkubwa, nimeshindwa hiyo vita mara kadhaa. Ila haielezi yote, kwa sababu mi na shemeji tunabishana doriani likiwa limeshaliwa limeisha na hakuna wa kununua lingine.

Ndo inakuja kambi ya pili. Mwaka 2005 Peter Lasersohn, mwanaisimu wa Marekani, alichapisha makala iliyowasha huu moto upya. Mifano yake ilikuwa ya maneno mawili ya Kiingereza, lile la kitu kitamu na lile la kitu cha raha, na hoja yake ni hii, nitajaribu kuisema taratibu. Maneno mi na shemeji tuliyosema yana maudhui yale yale kabisa, hakuna mtu aliyejificha ndani, yeye kasema doriani ni tamu na mi nimelikanusha hilo hilo, ndo maana tunapingana kweli. Kinachobadilika siyo tulichosema, ni ukweli wake. Tulishazoea kwamba sentensi inapimwa kwa wakati, "rais yuko ziarani" jana ni kweli leo ni uongo, sentensi haijabadilika hata herufi. Yeye anasema ongeza kipimo kingine kimoja, mwamuzi. Mwamuzi akiwa shemeji, doriani tamu ni kweli, mwamuzi akiwa mimi ni uongo, basi. Kama mpira mmoja wenye marefa wawili, goli ni lile lile, huyu kaweka kati, huyu kainua kibendera.

Hiyo ndo relativizimu, na wazo lenyewe kwa ujumla lina umri. Protagoras wa Abdera, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, karne ya 5 kabla ya Kristo alisema binadamu ndiye kipimo cha vitu vyote, na Plato, mwanafalsafa mwenzake aliyemfuatia, anatoa mfano wa upepo mmoja unaovuma, huyu anatetemeka huyu hana habari, je upepo ni baridi au siyo baridi? Ila Protagoras alitaka kila kitu kiwe hivyo, mpaka ukweli wote, na Plato akamgeuzia kibao: kama kila anayeona ni kweli ni kweli kwake, basi na anayeona Protagoras kakosea naye yuko sawa. Watu wa siku hizi ni wajanja zaidi, wanaomba maneno machache tu, ya ladha na jamaa zake. Pemba itabaki kaskazini.

Uzuri wa mwamuzi ni kwamba anaweza kuhama. Mama anamshika mtoto pua, kijiko mkononi, "kunywa mwanangu, dawa tamu hii." Haongelei mdomo wake. Au unampa paka vichwa vya samaki unasema leo kapata vitamu kweli, na wewe mwenyewe hivyo vichwa hata kuvishika hutaki. Hakuna anayekushika uongo, wote wanaelewa mwamuzi hapo ni paka. Watu wa muktadha nao wanaweza kulieleza hili, tamu kwa paka, kwa hiyo sitaki kulipa uzito kuliko linavyostahili, ila linapendeza.

Aliyelipeleka jambo mbali zaidi ni John MacFarlane, mwanafalsafa wa chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani, kwenye kitabu chake cha 2014. Kwake mwamuzi siyo aliyesema, ni anayepima sasa hivi, yeyote yule na wakati wowote. Hapo kuna gharama ya kulipa na yeye mwenyewe anaikubali. Mi nikiwa mtoto nilikuwa nasema kahawa chungu siyo tamu kabisa, namshangaa babu na kashata yake. Leo bila hicho kikombe siamki. MacFarlane anasema leo hii, kwa ladha niliyonayo leo, nilichosema utotoni ni uongo, na mtu akinibana natakiwa nikiondoe, nifute kauli, japo sikuwa na kosa kukisema wakati ule. Kusikia haraka haraka inaonekana kituko, kumfutia kauli mtoto wa miaka sita. Ila sikiliza watu wanavyoongea kweli: "nilikuwa mtoto, nilikuwa sijui utamu wake." Sijui! Yaani tunajisema tulikosea. Nikasema kumbe huyu jamaa yuko sahihi, halafu nikakumbuka zile pipi za rangi za utotoni, ambazo leo nikiweka moja mdomoni naitema. Kuhusu hizo sisemi nilikuwa sijui. Nasema zamani zilikuwa tamu. Kwa kahawa nafuta kauli, kwa pipi sifuti, na ladha imebadilika pote pawili. Nadharia ya MacFarlane inataka nifute kote. Ya muktadha inataka nisifute kokote. Hakuna hata moja inayonipata.

Kuna jambo lingine dogo nalitaja nikipita. Huwezi kusema "doriani tamu ila sijawahi kulila." Unasema nasikia tamu, wanasema tamu. Hata kukanusha, "doriani si tamu", anayekusikia anajua umeonja. Wataalamu wameliandikia sana, Dilip Ninan makala yake ni ya 2014, na wazee wetu walilimaliza kwa mstari mmoja, uhondo wa ngoma uingie ucheze. Ila angalia wazee hao hao kwenye suala letu wanavyojigonga. Kipenda roho hula nyama mbichi, hapo wako na Protagoras. Chema chajiuza kibaya chajitembeza, hapo uzuri uko kwenye kitu chenyewe, unaonekana na wote, mnunuzi kaja mwenyewe. Methali zote mbili unazisikia siku moja kwa mtu mmoja na haoni shida yoyote.

Na mi nadhani haoni shida kwa sababu haipo, na hapa ndo nataka kusema la kwangu. David Hume, mwanafalsafa Mskoti, mwaka 1757 alisimulia kisa alichokitoa kwa Cervantes, yule mwandishi wa Kihispania. Ndugu wawili waliitwa waonje mvinyo wa pipa moja uliosifiwa sana. Mmoja akaonja akasema mzuri, ila una kaladha ka ngozi. Mwingine akasema mzuri ila una ladha ya chuma. Watu wakawacheka sana. Pipa lilipokwisha, chini wakakuta ufunguo wa zamani umefungwa na kamba ya ngozi. Kumbe waonjaji walikuwa wanasema kuhusu pipa, siyo kuhusu midomo yao.

Weka hicho kisa pembeni, chukua kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Arthur Fox, mkemia wa kampuni ya kemikali ya DuPont huko Delaware, Marekani, alikuwa anamimina unga wa kemikali inayofupishwa PTC, kidogo ukaruka hewani. Mwenzake maabara hiyo hiyo akalalamika, mbona uchungu hivi? Fox hakusikia chochote, na yeye ndo alikuwa karibu zaidi na ule unga. Wakabishana. Wakaonja tena, Fox hakuna kitu, mwenzake uchungu. Fox akaanza kuonjesha watu wengi na kukuta binadamu wamegawanyika, kuna wanaousikia mchungu kweli na kuna wasiousikia kabisa, na ikaja kujulikana inarithiwa, mpaka mwaka 2003 jeni yenyewe ikapatikana, inaitwa TAS2R38. Safari hii ufunguo haukuwa kwenye pipa, ulikuwa mdomoni.

Hebu jiweke kwa Fox siku ile, kabla hajajua lolote. Anapojibu "si uchungu" anaongelea unga au ulimi? Hajui! Na hakuhitaji kujua ili abishane. Mi nahisi neno "tamu" na neno "chungu" bila kale ka "ni" yapo kwa ajili ya hali hiyo, hali ya kutojua ufunguo uko wapi. Maziwa unaonja unasema leo siyo matamu, mwenzako anakubishia, na mnahitaji kubishana hivyo hivyo bila kutaja mtu, maana inawezekana yameanza kuchacha na wewe umewahi kulinusa, na inawezekana umetoka kupiga mswaki. Mkishagundua ni mswaki ndo unarudi nyuma unasema aa, basi, yamenishinda mimi. Hako ka "ni" kanakuja mwishoni, ni kusalimu amri, siyo kitu kilichokuwemo toka mwanzo kimefichwa kama watu wa muktadha wanavyodai. Na kahawa yangu na pipi zangu nazo zinakaa sawa: kwenye kahawa naona kulikuwa na kitu ndani ya kikombe nilichojifunza kukisikia, kwenye pipi hakuna kilichogunduliwa, ni mdomo umezeeka.

Najua mtu wa relativizimu atanibana hapa. Atasema wewe na shemeji mmeshajua zamani kwamba ufunguo uko mdomoni, ile harufu ni misombo ya salfa, pua zote mbili zinaipata, Singapore wamelipiga marufuku doriani ndani ya treni zao na bado watu hao hao wanalila kwa furaha wakishuka, hamna cha kugundua tena, mbona bado mnabishana? Swali zuri. Nusu ni utani, shemeji na shemeji lazima wawe na lao. Nusu nyingine, nikiwa mkweli, kila msimu naonja kipande nikitegemea labda mwaka huu.

Msimu uliopita kaja nalo tena, kubwa, limemkata mikono kwa ile miba. Likapasuliwa. Mi nikachukua kijipande changu cha kila mwaka, nikasema mapema kabla hajauliza: si tamu. Nikasubiri matusi. Shemeji anatafuna, kimya. Anatafuna tena. Akalitua. "Kweli shemeji, hili si tamu," akasema, "wamelitungua halijaiva." Mume wangu akapiga makofi, akasema leo hatimaye mmekubaliana. Shemeji akakataa katakata, eti hatujakubaliana hata kidogo, yeye kasema hili si tamu, na mi ningesema hivyo kwa lolote. Mume wangu naye hakubali mpaka leo, anasema sentensi ilikuwa moja, doriani lilikuwa moja, na wote mlisema si tamu, sasa mnataka kukubaliana kwa namna gani nyingine.